Kutoka "Badiliko la Mwaka 2008" hadi Dai Linalopimika: Historia ya Lugha ya Kufundishia nchini Rwanda kwa Mfano wa Kagugu, Kigali

Ikisiri

Makala haya yanajadili jinsi dai kuu la utafiti wa sera ya elimu linavyopaswa kunolewa kwa kutumia historia. Mfano unaotumika ni dai lililozoeleka kwamba mwaka 2008 Rwanda iliacha Kifaransa ikachukua Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, kwa sababu za kisiasa, na kwamba uamuzi huo ulishusha kiwango cha elimu. Kwa kufuatilia sera ya lugha tangu enzi ya Wajerumani hadi sasa, na kwa kuisoma sera hiyo kutoka kilima kimoja cha Kigali, yaani Kagugu, makala yanaonesha kwamba dai hilo lina mapengo manne: halisemi ni ngazi ipi ya elimu inayozungumziwa, linaufanya mchakato mrefu uonekane kuwa tukio moja, linachanganya sababu za uamuzi na matokeo yake, na linalitendea taifa zima kana kwamba ni shule moja. Makala yanapendekeza dai mbadala linaloitazama historia hiyo kwa kipimo cha idadi ya miaka ambayo Kinyarwanda kimepewa katika shule ya msingi. Mwishoni, funzo hilo linahusishwa na mjadala wa nafasi ya Kiswahili katika shule za Rwanda.

1. Utangulizi

Katika uandishi wa kitaaluma, dai kuu ni ile sentensi moja au mbili ambazo mtafiti hujifunga kuzitetea kwa ushahidi. Mada hutaja eneo la utafiti, na swali hutaja kinachotafutwa. Dai kuu hutangulia mbele zaidi, kwani hutamka jibu ambalo msomaji ana haki ya kulipinga. Kwa sababu hiyo, dai lililo legelege huharibu utafiti kabla data hazijakusanywa: mtafiti hajui akusanye nini, na mshauri wa sera hajui aamini nini.

Katika tafiti za sera ya elimu madhara huwa makubwa zaidi. Sentensi iliyoandikwa katika utangulizi wa makala huweza kunukuliwa katika taarifa ya kamati, ikaingia katika waraka wa wizara, kisha ikageuka kuwa ratiba ya darasa la kwanza. Njiani, masharti na tahadhari za mtafiti hudondoka. Kinachobaki ni ile sentensi. Ikiwa sentensi hiyo haikuwa sahihi tangu mwanzo, anayelipa gharama ni mtoto wa miaka saba.

Rwanda inatoa mfano mzuri wa jambo hili. Ni nchi chache za Afrika Mashariki zilizobadili lugha ya kufundishia mara nyingi kiasi hicho katika kipindi cha kizazi kimoja na nusu. Hata hivyo, maandishi mengi huanza na kuishia katika mwaka mmoja, 2008. Sehemu zinazofuata zinalichukua dai hilo la mazoea na kulipitisha katika marekebisho manne, kila rekebisho likitokana na ushahidi wa kihistoria.

2. Dai la mazoea

Dai lenyewe huelezwa kwa maneno tofauti, lakini kiini chake ni hiki: "Mwaka 2008 Rwanda iliacha Kifaransa ikachukua Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia kwa sababu za kisiasa, na uamuzi huo ulishusha kiwango cha elimu."

Dai hili lina msingi wa kweli. Mnamo Oktoba 2008, Baraza la Mawaziri liliagiza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia katika ngazi zote za elimu ya umma. Mwaka wa masomo wakati huo ulianza Januari, hivyo utekelezaji ulitakiwa kuanza mwaka 2009, takriban miezi mitatu baadaye. Walimu wengi walikuwa wamesomea na kufundishia kwa Kifaransa. Wataalamu waliolichunguza suala hilo, wakiwemo Samuelson na Freedman (2010) na Pearson (2014), walieleza uhusiano wa uamuzi huo na mamlaka ya kisiasa, pamoja na upungufu wa maandalizi yake.

Tatizo la dai hili haliko katika tarehe. Tatizo ni kwamba kila neno lake zito, yaani "iliacha", "Kifaransa", "kwa sababu za kisiasa" na "kiwango cha elimu", linabeba dhana ambayo haijathibitishwa. Historia ndiyo inayoweza kuonesha ni dhana ipi inayosimama na ipi inayoanguka.

3. Rekebisho la kwanza: lugha ipi ilibadilishwa, na katika ngazi ipi?

Kifaransa hakikuwa lugha ya kwanza ya kigeni katika shule za Rwanda. Wamisionari wa shirika la Mapadre Weupe walifika Save mwaka 1900, na utawala wa Wajerumani uliitumia lugha ya Kiswahili katika shughuli zake kama ulivyofanya kwingineko katika koloni lao la Afrika Mashariki. Shule ya serikali iliyowekwa Nyanza, makao ya mwami, kwa ajili ya wana wa machifu, ilifundisha Kiswahili. Baada ya Wabelgiji kuitwaa nchi mwaka 1916, nafasi hiyo ya Kiswahili ilififia, na Kifaransa kikawa lugha ya elimu ya tabaka la watawala. Shule mashuhuri ya Astrida, Butare ya leo, iliyoanzishwa mwaka 1929 chini ya mabruda wa Frères de la Charité, ilikuwa kitovu cha mfumo huo. Watoto wa kawaida waliopata nafasi ya kusoma walianza kwa Kinyarwanda katika shule za misheni, na wengi wao hawakufika mbali.

Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, Kifaransa kiliendelea kutawala elimu ya sekondari na ya juu. Mageuzi ya mwaka 1978/79 yalileta sura tofauti. Shule ya msingi iliongezwa kuwa ya miaka minane, na Kinyarwanda kikafanywa lugha ya kufundishia katika miaka hiyo yote. Kifaransa kilibaki kuwa somo. Utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 1991, shule ya msingi iliporudishwa kuwa ya miaka sita na Kinyarwanda kikawekewa mipaka ya miaka mitatu ya kwanza, kisha Kifaransa kikafuata.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 na kurejea kwa wakimbizi wa muda mrefu kulibadili mandhari ya lugha. Waliotoka Burundi na Kongo walikuja na Kifaransa. Waliotoka Uganda, Kenya na Tanzania walikuja na Kiingereza, na wengi wao na Kiswahili pia. Mwaka 1996 Kiingereza kilifanywa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda na Kifaransa, na hadhi hiyo ikathibitishwa katika Katiba ya mwaka 2003. Shuleni, Kinyarwanda kiliendelea kutumika katika darasa la kwanza hadi la tatu. Kuanzia darasa la nne, shule ilifundisha kwa Kifaransa au kwa Kiingereza.

Kwa msingi huo, ni wazi kwamba uamuzi wa Oktoba 2008 uligusa makundi mawili kwa namna mbili tofauti. Kwa mwanafunzi wa darasa la nne na kuendelea katika shule ya Kifaransa, badiliko lilikuwa la kutoka lugha moja ya kigeni kwenda nyingine. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, Kifaransa hakikuwahi kuwa lugha yake ya kufundishiwa. Yeye alinyang'anywa Kinyarwanda. Dai la mazoea linamficha mtoto huyu wa pili kabisa, ilhali yeye ndiye aliyekuwa akijifunza kusoma na kuandika kwa mara ya kwanza.

Rekebisho la kwanza, basi, ni hili: "Uamuzi wa Oktoba 2008 uliondoa Kifaransa katika madarasa ya juu na Kinyarwanda katika madarasa matatu ya mwanzo."

4. Rekebisho la pili: tukio au mfululizo?

Dai lililorekebishwa bado linauchukulia mwaka 2008 kuwa mpaka wa mwisho. Historia iliyofuata inakataa. Mwaka 2011 serikali ilirudisha Kinyarwanda kuwa lugha ya kufundishia katika darasa la kwanza hadi la tatu, na Kiingereza kikaanzia darasa la nne. Desemba 2019 ulitangazwa uamuzi mwingine: Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza kuanzia mwaka wa masomo wa 2020. Miezi michache baadaye, Machi 2020, shule zote zilifungwa kwa sababu ya janga la UVIKO-19.

Historia yote ikipimwa kwa idadi ya miaka ambayo Kinyarwanda kiliruhusiwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule ya msingi, mfululizo unaopatikana ni huu: miaka 8 kuanzia 1978/79, miaka 3 kuanzia 1991, sifuri mwaka 2009 na 2010, miaka 3 kuanzia 2011, na sifuri tena kuanzia 2020. Nane, tatu, sifuri, tatu, sifuri.

Mfululizo huu unasema jambo ambalo dai la mazoea haliwezi kulisema. Tangu mwaka 2009, suala la Kiingereza kuanzia darasa la nne kwenda juu halikubadilishwa tena, lilikwisha kuamuliwa. Kilichoendelea kubishaniwa na kugeuzwa ni miaka mitatu ya kwanza ya shule. Anayeieleza sera hii kuwa ni mashindano ya Kifaransa na Kiingereza anaeleza sehemu iliyokwisha kutulia, na kuiacha ile inayotikisika.

Faida ya kipimo hiki huonekana pale mtafiti anaposhuka kutoka ngazi ya taifa hadi ngazi ya mtoto. Wachukuliwe watoto wanne wa nyumba moja, wanaosoma shule moja ya umma bila kukariri darasa, shule ikifuata sera kama ilivyoandikwa. Aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2007 alisoma kwa Kinyarwanda miaka miwili, akakutana na Kiingereza akiwa darasa la tatu mwaka 2009. Aliyeanza mwaka 2009 alifundishwa kwa Kiingereza darasa la kwanza na la pili, akarudishwa katika Kinyarwanda darasa la tatu mwaka 2011, kisha akapelekwa tena katika Kiingereza darasa la nne mwaka 2012. Aliyeanza mwaka 2010 alianza kwa Kiingereza, akapata miaka miwili ya Kinyarwanda, na akarudi katika Kiingereza mwaka 2013. Aliyeanza mwaka 2011 alipata miaka mitatu kamili ya Kinyarwanda kabla ya Kiingereza mwaka 2014.

Watoto hawa wanne hawana sera moja ya lugha, ingawa taarifa ya takwimu huweza kuwaweka wote katika safu moja iliyoandikwa "baada ya 2008". Yule wa mwaka 2009, aliyebadilishiwa lugha mara mbili kabla hajafikisha miaka mitano ya shule, ndiye anayestahili kuwa kitovu cha utafiti wowote unaotaka kujua gharama ya mabadiliko ya sera. Katika dai la mazoea hana jina wala nafasi.

5. Rekebisho la tatu: sababu za uamuzi na matokeo yake

Sehemu ya tatu ya dai la mazoea ni maneno "kwa sababu za kisiasa". Mara nyingi hapa hutajwa mgogoro wa Rwanda na Ufaransa, uliofikia hatua ya kuvunjwa kwa uhusiano wa kibalozi Novemba 2006. Wengine hutaja kuingia kwa Rwanda katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na katika Jumuiya ya Madola Novemba 2009, pamoja na soko la ajira la kanda. Sababu hizi zote zina uzito, na si lazima moja iipinge nyingine.

Hata hivyo, dai zuri la kihistoria lazima likubali kujaribiwa na matukio yaliyofuata. Ikiwa mgogoro na Ufaransa ndio ulioisukuma sera, basi kupoa kwa mgogoro huo kungetarajiwa kuilegeza. Uhusiano wa kibalozi ulirejeshwa Novemba 2009. Oktoba 2018, Louise Mushikiwabo, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Rwanda, alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Kimataifa ya Nchi Zinazozungumza Kifaransa. Mwaka mmoja tu baadaye, Desemba 2019, Kiingereza kilishushwa hadi darasa la kwanza. Sera ya lugha ya shule ilikaza kamba katika kipindi kilekile ambacho diplomasia ya Kifaransa ilikuwa imepata ushindi. Maelezo ya mgogoro na Ufaransa yanaweza kusaidia kuufahamu mwaka 2008, lakini hayaelezi mwaka 2011 wala 2019.

Kuna kosa la kimantiki pia. Hata kama sababu ya uamuzi ingejulikana kwa uhakika, isingetuambia matokeo ya uamuzi huo darasani. Sera iliyotungwa kwa nia ya kisiasa huweza kufaulu ikiandaliwa vizuri, na sera iliyotungwa kwa nia safi ya kielimu huweza kushindwa ikikosa walimu. Mtafiti anayeziunganisha sababu na matokeo katika sentensi moja hujitwika kazi mbili zinazohitaji aina mbili za ushahidi: nyaraka za maamuzi kwa upande mmoja, na kumbukumbu za ujifunzaji kwa upande mwingine. Ni afadhali kuzitenganisha na kuchagua moja.

6. Rekebisho la nne: taifa au shule?

Kagugu ni sehemu ya sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, upande wa kaskazini wa jiji la Kigali. Kilima hiki kimekua haraka pamoja na jiji, na majirani zake ni Gacuriro na Nyarutarama, maeneo yanayofahamika kwa makazi ya watu wenye uwezo. Shule yake ya umma, Groupe Scolaire Kagugu, ina maelfu ya wanafunzi. Jina lake lenyewe ni kumbukumbu ya historia: limebaki la Kifaransa, ingawa Kiingereza ndicho lugha rasmi ya madarasa yake na Kinyarwanda ndicho lugha ya kilima kinachoizunguka.

Shule hii ilijulikana nje ya mipaka ya Rwanda kwa sababu ya teknolojia. Mpango wa kimataifa wa kumpatia kila mtoto kompyuta mpakato, unaofahamika kwa kifupisho cha OLPC, ulipoingia Rwanda mwishoni mwa muongo wa 2000, Kagugu ilikuwa miongoni mwa shule za mwanzo kupokea kompyuta za XO. Mpango huo ulikuja kusambaza zaidi ya kompyuta 200,000 nchini kote. Picha za watoto wa Kagugu wakiwa na kompyuta hizo zilitumika kuitangaza Rwanda kuwa nchi inayojenga uchumi wa maarifa.

Kwa mtafiti wa sera ya lugha, umaarufu huu ni kishawishi na pia ni onyo. Ni kishawishi kwa kuwa shule hiyo inafikika kwa urahisi na inafahamika. Ni onyo kwa kuwa mambo kadhaa yalifika hapo karibu kwa wakati mmoja. Kompyuta zilifika karibu na mwaka ambao Kiingereza kilifika. Mwaka 2009 ulikuwa pia mwanzo wa elimu ya msingi ya miaka tisa, ambayo ilipunguza idadi ya masomo, ikawapanga walimu wafundishe kwa kubobea katika masomo maalumu, na ikaeneza utaratibu wa zamu mbili, ambapo kundi moja la watoto husoma asubuhi na jingine mchana. Mwaka 2012 mpango huo uliongezwa kuwa wa miaka kumi na miwili, na mwaka 2016 ukaanza mtaala mpya wa umahiri.

Mtafiti anayeona ufaulu umepanda au kushuka katika shule kama Kagugu kati ya mwaka 2008 na 2014 hawezi kusema kwa haki kwamba lugha ndiyo iliyosababisha. Huenda ni zamu mbili zilizopunguza saa za darasani. Huenda ni ongezeko la watoto ambao hapo awali wasingeendelea na shule. Huenda ni kompyuta. Huenda ni lugha. Neno "kiwango cha elimu" katika dai la mazoea linaziba mlango wa kuyatenganisha mambo haya, kwa sababu halisemi kinachopimwa ni kusoma kwa ufahamu, ni hisabati, ni kubaki shuleni, au ni kufaulu mtihani wa taifa.

Lakini Kagugu inaonesha pia jambo ambalo wastani wa taifa hauwezi kulionesha. Katika maeneo haya ya Kigali, familia zenye uwezo zimekuwa na shule binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea, bila kujali sera ya umma ilikuwa sifuri au tatu. Mwaka 2011 Kinyarwanda kiliporudishwa, kilirudishwa kwa watoto wa shule za umma. Majirani wao wa shule binafsi waliendelea na Kiingereza. Hoja ya usawa ilipata nguvu yake hapo: mzazi asiye na karo huuliza kwa nini mwanawe acheleweshwe. Jibu la wataalamu wa isimu, kwamba mtoto hujenga msingi imara wa kusoma katika lugha anayoifahamu, ni jibu lenye ushahidi mwingi, lakini halijibu swali la mzazi huyo kuhusu usawa. Dai la utafiti lisilotambua kwamba hoja hizi mbili zinakwenda sambamba litashindwa kueleza kwa nini sera iliyoungwa mkono na wataalamu mwaka 2011 iliweza kugeuzwa mwaka 2019.

7. Dai lililonolewa

Marekebisho hayo manne yakikusanywa, dai la mazoea huweza kuandikwa upya hivi:

"Tangu mwaka 2009, suala lisilotulia katika sera ya lugha ya elimu ya Rwanda ni nafasi ya Kinyarwanda katika miaka mitatu ya kwanza ya shule ya umma, na watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 2009 na 2010, ambao lugha yao ya kufundishiwa ilibadilishwa mara mbili kabla ya darasa la tano, walikuwa dhaifu katika usomaji wa ufahamu kuliko walioanza mwaka 2011 katika shule zilezile."

Sehemu ya kwanza ya dai hili ni ya kihistoria, na huthibitishwa kwa nyaraka. Sehemu ya pili ni ya kielimu. Bado inasubiri ushahidi, na ndiyo maana inafaa kuwa dai la utafiti. Inataja ni nani, wapi, lini, na kinachopimwa ni nini. Inalinganisha watoto wa shule ileile, hivyo tofauti za mazingira ya shule zinapungua. Makundi yote pia yaliingia baada ya kuanza kwa zamu mbili. Zaidi ya yote, dai hili linaweza kushindwa. Ikiwa kumbukumbu zitaonesha kwamba watoto wa mwaka 2009 walisoma sawa na wale wa mwaka 2011 au kuwazidi, mtafiti atalazimika kukubali. Dai la mazoea haliwezi kushindwa kwa sababu halijasema lolote linaloweza kukataliwa na takwimu.

Upungufu wake nao lazima utajwe. Mpangilio wa makundi unadhani kwamba watoto hawakukariri madarasa, ilhali kukariri kumekuwa jambo la kawaida katika shule za msingi za Rwanda. Unadhani pia kwamba kilichoandikwa katika waraka ndicho kilichofundishwa, ilhali tafiti nyingi za madarasa ya Rwanda zimeeleza jinsi walimu wanavyochanganya Kinyarwanda na Kiingereza ili waeleweke. Walimu wa mwaka 2011 nao walikuwa na uzoefu wa miaka miwili zaidi wa kutumia Kiingereza kuliko wale wa mwaka 2009. Mambo haya hayalifuti dai. Yanamwelekeza mtafiti aende kwenye daftari za mahudhurio, mazoezi ya wanafunzi na kumbukumbu za walimu, badala ya kutegemea waraka peke yake.

8. Funzo kwa mjadala wa Kiswahili

Kanda hii ina mazoea ya kuandika historia ya sera za lugha kwa tarehe moja moja. Husemwa kwamba Tanzania ilichagua Kiswahili mwaka 1967. Ukweli kamili ni kwamba Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi, huku sekondari ikibaki na Kiingereza. Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Husemwa pia kwamba Kenya ilichagua Kiingereza baada ya uhuru. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilielekea huko kweli, lakini Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilizirudisha lugha za watoto katika miaka mitatu ya mwanzo. Kote huku, mpaka unaobishaniwa ni uleule: mtoto afundishwe kwa lugha aijuayo hadi darasa la ngapi?

Februari 2017, Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Tangu hapo, katika makongamano ya Kiswahili husikika dai kwamba hatua hiyo imekipa Kiswahili nafasi katika elimu ya Rwanda. Dai hili linahitaji kunolewa vilevile. Hadhi ya lugha rasmi, hadhi ya somo, na hadhi ya lugha ya kufundishia ni mambo matatu tofauti. Kiswahili hufundishwa kama somo katika sekondari, lakini sheria ya mwaka 2017 haikukifanya lugha ya kufundishia katika darasa lolote. Anayependekeza kiingizwe mapema zaidi anapaswa kusema saa zake zitatoka wapi. Katika miaka mitatu ya kwanza, ambako Kinyarwanda kimekwisha kupoteza nafasi mara mbili ndani ya miaka kumi na miwili, kila saa inayoongezwa kwa lugha nyingine inaweza kuwa saa inayopunguzwa kwa lugha ya mtoto. Wapenzi wa Kiswahili wanaotetea lugha za Kiafrika hawana budi kulizingatia hilo kabla ya kuandika mapendekezo yao.

Washauri wa sera, kwa upande wao, wanaweza kuyauliza maswali manne juu ya kila dai linalowafikia mezani. Linazungumzia darasa la ngapi? Linazungumzia miaka ipi, na nini kilitokea baada yake? Linatenganisha sababu za uamuzi na matokeo yake? Na ni ushahidi gani ungelifanya likataliwe? Dai lisilo na jibu la swali la nne halifai kuwa msingi wa sera, hata kama msemaji wake ni mashuhuri.

9. Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba dai la "badiliko la mwaka 2008" linasema kweli kiasi, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuliona kasoro. Historia ndefu ya lugha ya kufundishia nchini Rwanda inaonesha kwamba Kiingereza kwa madarasa ya juu kiliamuliwa mara moja na kubaki, ilhali nafasi ya Kinyarwanda katika miaka mitatu ya kwanza ilitolewa, ikarudishwa, na ikatolewa tena. Kagugu imeonesha kwa nini shule moja haiwezi kulisemea taifa, na pia kwa nini wastani wa taifa hauwezi kulieleza suala la usawa kati ya watoto wanaoishi kilima kimoja.

Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 2009 sasa ni vijana waliokwisha kumaliza, au kuacha, shule. Kumbukumbu zao bado zinaweza kutafutwa katika makabati ya shule na ofisi za wilaya, kabla hazijapotea. Inapendekezwa kwamba tafiti zijazo ziwaanzie wao, na kwamba kazi hiyo ifanyike kabla ya uamuzi mwingine kuhusu darasa la kwanza kutolewa.